Moshi wa Salfa na Nguo Mbichi

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba moto na maji, akakipa kila kimoja tabia yake, kisha akamwachia binadamu kazi ya kuzijua tabia hizo polepole. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake.

Ninaandika haya nyumbani kwangu Temeke, mwezi wa pili tangu nirudishe funguo za stoo, kwa ajili yenu mliobaki kwenye kikosi cha ufukizaji. Siku ya kuagana mliniuliza kwa nini miaka yote nilikuwa mkali juu ya nguo mbichi kuliko hata juu ya moto. Nilikuwa na pilau mdomoni na watu walikuwa wengi, nikacheka tu. Nilifanya vibaya kucheka. Jibu lenyewe ni refu, na linaanza na kosa langu.

Mambo ya vyeo sitayaandika. Cheo changu cha mwisho mnakijua, na cha kwanza hakikuwa na jina. Nilipewa ndoo, gundi ya unga wa ngano na marobota ya magazeti ya zamani, nikaambiwa nimfuate Fundi Yohana.

Fundi Yohana alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alisoma kwa wamisheni, kisha akasaidia kwa miaka kadhaa kwenye chumba cha kupimia dawa hospitalini kabla ya kuletwa kwetu kusimamia wafukizaji. Kazi yetu ilikuwa panya. Serikali iliogopa tauni, na kila palipookotwa panya waliokufa ovyo kwenye ghala au duka, tuliitwa tukafukize. Siku hizi mna dawa za maji na pampu za mgongoni. Sisi tulikuwa na salfa, ule unga wa njano ambao mama zetu waliuita kibiriti upele na kutupaka nao tukiwa na ukurutu.

Ghala lenyewe lilikuwa Gongo la Mboto, karibu na reli, limejaa magunia ya mtama. Tulibandika magazeti kwa gundi kwenye kila ufa wa milango na madirisha. Fundi Yohana akaweka salfa kwenye sufuria ya chuma, akaisimamisha sufuria ndani ya karai la maji, ili moto ukimwagika usile sakafu. Akamiminia spiriti kidogo, akawasha, tukatoka mbio na kuziba mlango wa mwisho. Ndani ulibaki mwali wa buluu usio na kelele, na moshi unaokaba koo.

Kesho yake tulifungua, tukangoja hewa ipite, tukaingia kuokota panya. Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa natoka jasho. Nikaliona lile karai la maji, maji meupe safi kabisa, nikainama nikanawa uso.

Sitaeleza nilivyoruka. Macho yaliwaka kama niliyapaka pilipili. Fundi Yohana alinivuta hadi kisimani, akanimwagia ndoo tatu za maji, na nilipoweza kufumbua macho nilimwona anajizuia kucheka.

"Rajabu, umenawa na nini?"

"Maji, Fundi."

"Yalikuwa maji jana. Leo ni tindikali."

Akatoa kikopo cha sigara mfukoni. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vya karatasi ya buluu. Akachovya kimoja kwenye ndoo ya kisima, kikabaki buluu. Tuliporudi ghalani akachovya kingine kwenye karai, kikawa chekundu mbele ya macho yangu, macho yenyewe yakiwa mekundu vilevile. Halafu akanipa somo la kwanza, nami nalileta kwenu kama nilivyolipokea.

Alisema vitu vya dunia vimegawanyika. Kuna vya asili ya chuma na kuna visivyo vya chuma. Salfa si chuma, makaa si chuma, na ile fosforasi ya kwenye njiti za kibiriti si chuma. Kitu kisicho cha chuma kikiungua, kinashikana na hewa na kuwa kitu kipya, mara nyingi moshi au hewa usiyoiona. Kitu hicho kipya kikikaa peke yake, kikavu, kina tabia yake. Kikiingia majini kinashikana na maji, na hapo inazaliwa tindikali. Ya salfa ni kali, ya makaa ni dhaifu. Vya asili ya chuma mambo yake ni kinyume: chokaa ile tunayoipata kwa kuchoma matumbawe ina kitu cha asili ya chuma ndani yake, na ukiitia majini inarudisha karatasi nyekundu kuwa buluu.

"Umeelewa?" akaniuliza.

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimekariri. Watoto wa chuoni tunaijua tofauti hiyo. Mtu anaweza kusoma juzuu nzima bila kukosea herufi na asijue amesoma nini.

Mwaka wa pili au wa tatu, wakati wa masika, tuliitwa Mtoni kwenye duka la Bwana Salim. Alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kiarabu, familia yake imekaa barabara ya Kilwa tangu enzi za babu yake, na nusu ya mtaa ilinunua kwake sukari na mafuta ya taa. Panya watatu walikuwa wameokotwa kwenye stoo yake ya nyuma. Siku zile alikuwa anamwoza binti yake, na nyumba ilijaa shughuli. Tulitoa majora ya vitambaa na kila kitu cha bati, kama kanuni inavyotaka. Fundi Yohana alikwenda mbele kubandika madirisha, akaniachia mimi kutazama ndani kwa mara ya mwisho kabla ya kuwasha.

Bi Nuru, mke wa Bwana Salim, akaingia na furushi. Akafunga kamba toka msumari hadi msumari, akaanza kutundika: kanzu mbili nyeupe za Bwana Salim na doti sita za kanga za binti. Kibwana dobi alikuwa amezileta asubuhi ile. Jua lilikuwa limegoma siku nne, na nguo zilikuwa na unyevu bado.

"Mwanangu, hizi ziache humuhumu zipate dawa," akaniambia. "Panya wamepita juu ya kila kitu."

"Mbona mbichi, mama?"

"Hee. Kwani kwenu mnafukiza nguo kavu? Nguo kavu inashika udi?"

Nikacheka, maana mama yangu alikuwa akisema hivyohivyo. Kwetu pwani kila mtu anajua kwamba nguo ya kufukizwa sharti iwe na unyevu kidogo, ndipo harufu iingie kwenye uzi na kukaa. Tunaitandaza juu ya chetezo ikiwa mbichimbichi. Nikaona mama huyu ana akili, na dawa yetu itafanya kazi vizuri zaidi. Nikawasha, nikatoka, nikaziba mlango. Fundi Yohana aliponiuliza kama ndani kuko sawa, nikamjibu kuko sawa.

Kesho yake nguo zilikuwa zimekauka. Kanga zilipauka kidogo, lakini Bi Nuru alifurahi, akasema zimepata dawa sawasawa. Akazikunja, akazitia sandukuni.

Siku ya harusi, wiki mbili baadaye, Bwana Salim alisimama mlangoni kumpokea mkwe wake mbele ya watu wa Mtoni wote. Akanyanyua mikono kumkumbatia, na kanzu ikapasuka toka kwapani hadi gotini. Akaingia ndani kuvaa ya pili, akainama kuvaa viatu, nayo ikaachia mgongoni. Kwa bibi arusi ikawa vilevile. Kanga zilipofunguliwa mbele ya mawifi zilichanika kwenye mikunjo kama karatasi ya sigara. Mawifi wa mahali popote hawahitaji kuongezewa maneno, na hawa walisema mengi.

Mimi sikuwapo. Habari ilinifikia ikiwa imekwisha kupata mkosaji wake: ni Kibwana dobi. Ilisemwa kwamba alitia dawa kali nguo ziwe nyeupe bila kuzisugua. Nilisikia nikasikitika, nikaendelea na kazi. Naapa sikuunganisha mambo hayo mawili. Nililijua karai la Gongo la Mboto, na nilizijua zile kanga za Mtoni, lakini kichwani mwangu hivyo vilikuwa vyumba viwili visivyo na mlango kati yake.

Mlango ulifunguka siku ya Ijumaa. Baada ya sala nilikutana na Kibwana barabara ya Kilwa, amebeba pasi yake ya mkaa, baridi, haina hata jivu.

"Unakwenda wapi na pasi, kaka Kibwana?"

"Kuiuza, kama yupo wa kuitaka. Mie sina cha kupiga pasi."

Nikaenda naye hadi kwake. Kamba zake za kuanikia zilikuwa tano, toka mti hadi mti, na siku zote nilizoea kuziona zimejaa mashuka ya Mtoni nzima. Siku ile kulikuwa na gauni moja dogo, la mtoto wake. Mkewe alinisalimia bila kuinua macho. Kibwana akanieleza kwamba watu walikuja mmoja mmoja kuchukua mafurushi yao, wengine nguo zikiwa bado kwenye povu. Bwana Salim alikuwa ameapa kumpeleka kwa liwali Jumatatu.

"Mie nimefua miaka kumi na minane," akasema. "Sabuni, magadi, jua. Basi. Kama kuna dawa nyingine mie siijui, na hakuna anayeniamini. Zile kanzu nimeziosha kwa mikono hii, nikampelekea Bi Nuru zikiwa na unyevu kwa sababu alizitaka haraka."

Aliposema unyevu, nilikaa chini, pale pale kwenye jiwe lake la kufulia.

Nawaambieni ukweli, maana nimefika umri wa kutoficha kitu: wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kunyamaza. Nilikuwa nimeoa karibuni, na kazi yenyewe nilikuwa nimeihangaikia sana. Nikamuaga Kibwana bila kumwambia neno. Usiku ule sala yangu haikuwa sala. Mwalimu wangu wa chuo alitufundisha kwamba ushahidi unaanza na nafsi yako mwenyewe, na mtu aliyeshindwa hapo hana la kushuhudia juu ya wengine.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Fundi Yohana. Alikuwa anasoma gazeti. Nikamweleza yote, toka kamba hadi udi.

"Uliziona nguo?"

"Niliziona, Fundi."

"Zilikuwa mbichi?"

"Mbichi."

Akakunja gazeti. "Na lile karai ulilonawia uso lilikuwa kavu?"

Kisha akaongea kwa upole. Akasema nguo mbichi ni maji yaliyotandazwa. Moshi wa salfa uliyakuta maji kwenye kila uzi, ukayageuza tindikali humohumo. Nguo ilipokauka, maji yaliondoka lakini ukali ulibaki, ukaendelea kula pamba taratibu sandukuni. Nguo kavu ingeponea kwa kiasi kikubwa. Nguo mbichi haikuwa na nafasi.

"Unajua Jumatatu itabidi umwambie na Bwana Afya," akasema. Bwana Afya alikuwa mkubwa wetu, Mwingereza asiyependa mambo marefu.

"Najua."

"Haya. Kesho nikitoka kanisani tutakwenda Mtoni. Mwambie dobi aje na kitu chochote alichofua siku ileile ambacho hakikuingia stoo. Na ubebe chupa ya maji ya mvua. Visima vya Mtoni vina chokaa ndani, vitatuharibia ushahidi."

Jumapili alasiri tulimkuta Bwana Salim barazani kwake, na majirani wanne au watano wanaokunywa kahawa. Kibwana alisimama pembeni, amekunja shuka chini ya kwapa. Hakuna aliyemkaribisha.

Nilisema mimi kwanza, kwa sababu Fundi Yohana alikataa kunisemea. Nilisema Kibwana hana kosa, mwenye kosa ni mimi, nikaeleza kwa nini. Bwana Salim alinitazama kama mtu aliyeletewa samaki ambaye hakumwagiza.

"Kwa hiyo moshi umekula kanzu yangu," akasema. "Moshi una meno?"

"Moshi hauna, Bwana Salim," akajibu Fundi Yohana. "Ulipewa na maji."

Akaomba kipande cha kanzu iliyopasuka. Akakiloweka kwenye kikombe cha maji ya mvua. Kikombe cha pili akatia pembe ya shuka ya Kibwana, iliyofuliwa siku ile, kwa sabuni ileile, na kusuuzwa mara nyingi. Kikombe cha tatu akaacha maji matupu. Akafungua kikopo chake.

"Sasa mmefungua uganga," akasema jirani mmoja.

"Mganga angekuwa ameshaomba jogoo," akasema Fundi Yohana. "Mimi sijaomba hata kahawa."

Karatasi ya maji matupu ilibaki buluu. Ya shuka ya Kibwana ikabaki buluu. Ya kanzu ikawa nyekundu, na watu wakasogeza vichwa. Fundi Yohana akarudia kwa karatasi mpya, na kwa kipande cha kanga. Nyekundu tena.

Bwana Salim hakuridhika. Alikuwa mtu wa biashara, amezoea kupima mara mbili. "Tindikali nimeiona gereji, kwenye betri. Hiyo ni maji. Itatokaje kwenye hewa?"

Fundi Yohana akakata bua la jani la mpapai uliokuwa uani, lile lenye tundu katikati, akampa. "Pulizia ndani ya kikombe hiki cha maji matupu. Taratibu, usiache mpaka nikwambie."

Ilikuwa ajabu kumwona mzee mwenye heshima zake anapuliza mapovu kama mtoto. Akapuliza hadi jasho likamtoka. Karatasi ilipotiwa haikuwa nyekundu kama ile ya kanzu, ilikuwa na rangi ya zabibu, lakini buluu yake ilikuwa imekwenda.

"Hewa unayoitoa kifuani ni ileile ya makaa yanapoungua," Fundi Yohana akaeleza. "Imeingia majini, imekuwa tindikali dhaifu. Haidhuru mtu. Ndiyo hiyo wanayotia kwenye soda ikakuwasha ulimi."

"Unataka kuniambia pumzi yangu ni tindikali?"

Nyuma ya pazia la mlango sauti ya Bi Nuru ikasema, "Hilo mie nalijua miaka thelathini."

Majirani walicheka hadi kahawa ikamwagika. Bwana Salim alijaribu kukaza uso, akashindwa. Kicheko kilipopungua, Bi Nuru akasema tena, safari hii polepole: "Na nguo nilizitundika mie, Baba Asha. Huyu kijana aliniuliza mbona mbichi, mie nikamcheka. Nilidhani ni kama udi."

Hapo ndipo Kibwana akasogea kwenye vikombe. Akatoa kipande cha magadi mfukoni, akakiponda, akakitia kwenye kikombe cha kanzu, akakoroga kwa kidole. Akaichukua ile karatasi nyekundu akaitia. Ikarudi buluu.

"Basi ndivyo," akasema, kama anajisemea. "Uchachu wowote mie naukata kwa magadi. Mngeniita asubuhi ile mlipofungua, ningezisuuza zote zikapona."

Fundi Yohana akatoa kalamu na daftari lake, akaandika, akamwomba Kibwana arudie ni magadi kiasi gani kwa ndoo moja. Kwa miaka yote niliyokuwa naye sikuwahi kumwona akiandika maneno ya mtu mwingine.

Bwana Salim aliinuka, akaingia ndani. Tulidhani amekasirika. Akatoka na furushi kubwa la nguo za nyumba nzima, lililofungwa kwa shuka. Kibwana akanyoosha mikono kulipokea, naye akakataa. Akalitia begani mwake mwenyewe, mtu ambaye sijui kama aliwahi kubeba hata kapu la sokoni, akashuka barazani akaanza kutembea kando ya barabara ya Kilwa. Hakuomba radhi kwa maneno. Alitembea katikati ya Mtoni na furushi begani, anasalimia kila mlango, na waliomuuliza anakwenda wapi aliwajibu, "Kwa dobi wangu." Sisi tulimfuata nyuma. Tulipofika, jirani wa kwanza alikuwa tayari amesimama kwa Kibwana na mashuka yake.

Nilimwomba Kibwana msamaha pale kwenye kamba zake. Akaniambia amenisamehe, lakini nimkamatie ncha ile ya shuka, kwa sababu kazi ni nyingi na jua linakaribia kushuka. Nikakamata.

Jumatatu Bwana Afya alinisikiliza akiwa amesimama, akanihamishia kwenye mitaro ya mbu kwa muda wa miezi mitatu. Nilijifunza mengi kuhusu mbu ambayo sikuyataka. Niliporudi nilikuta kanuni mbili mpya ubaoni, kwa mwandiko wa Fundi Yohana: hakuna kitu kibichi kinachobaki ndani, na vitambaa vyote vilivyokutwa na moshi visuuzwe kwa magadi kabla ya kukauka. Fundi Yohana amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu amlaze pema. Kanuni zile mnazisoma kila siku mnapochukua ndoo.

Kibwana tulimwita kila tulipofukiza nyumba ya watu, Mtoni, Temeke, hata Ukonga. Alikuwa akifika kabla yetu, anakaa nje ya mlango na ndoo zake za magadi, anatungojea tufungue. Mpaka leo anafua. Kanzu niliyoivaa siku ya kuagana aliipiga pasi yeye.

Ee Mola, mwongoze kila atakayeisoma karatasi hii. Mpe kujua kwa akili yale aliyoyajua kwa ulimi, mpe mwalimu mwenye subira na ujasiri wa kusema kosa lake mapema, na uwape watu wa nyumba yake afya na riziki ya halali. Amina.